Kutafuta Mchumba Ukiwa na Mvi: Mwongozo kwa Mwanamume wa Makamo

Katika miji yetu ya pwani, mwanamume hujua kwamba umri umesogea siku anapomkaribia mwanamke anayemvutia, akitarajia kuambiwa "mambo" au "habari za leo", na badala yake anaamkiwa "shikamoo". Salamu hiyo ni ya heshima wala haina ubaya wowote, lakini kwa mtu aliyefiwa na mke au aliyeachana naye akiwa na miaka 48 au 52, ambaye mara ya mwisho kutongoza ilikuwa kabla simu za mkononi hazijaenea, huweza kumkata maini. Wengi hurudi nyumbani wakajitazama kwenye kioo, wakauona upara, mvi na kitambi, na kuanzia hapo wakaingia katika kazi ya kuficha: kanta kichwani, mkanda wa kubana tumbo, picha ya miaka kumi iliyopita kwenye simu, na umri unaopunguzwa miaka sita kila ukitajwa. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Ninaamini kwamba kinachomharibia mtu wa umri huu si mvi wala kitambi bali ni kule kuficha, kwa sababu kila kilichofichwa humlazimu mwenzake akigundue mwenyewe baadaye, na akishagundua kimoja hutilia shaka mengine yote.

Kichwa, ndevu na meno

Upara wa wanaume wengi hutokana na urithi pamoja na homoni iitwayo dihaidrotestosteroni, ambayo hudhoofisha vinyweleo vya utosini na vya juu ya paji mpaka vikaotesha nywele nyembamba, kisha visioteshe kabisa. Hausababishwi na kuvaa kofia wala na mashine ya kinyozi. Ikiwa nywele zinatoka kwa mabaka ya duara, au ngozi inawasha na kutoa magamba, hilo ni jambo jingine na linahitaji kuonwa na daktari, kwa kuwa huenda ni fangasi au ugonjwa wa kinga ya mwili. Dawa za upara wa urithi zipo, lakini kila moja ina masharti yake. Minoxidili ya kupaka hutakiwa kutumiwa kila siku, huchukua miezi minne hadi sita kabla mtu hajaona tofauti, na ukiiacha, nywele zilizopatikana hupotea tena. Vidonge vya finasteridi hupunguza homoni yenyewe. Baadhi ya watumiaji hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa, na pia dawa hiyo hushusha majibu ya kipimo cha damu kinachotumika kutafuta saratani ya tezi dume hadi karibu nusu, hivyo mtu wa miaka 50 anayeitumia bila kumwambia daktari anaweza kupewa majibu ya kutuliza moyo ambayo hayakustahili. Usivinunue bila kuandikiwa.

Kwa wengi njia iliyo bora ni rahisi kuliko zote: kunyoa. Zile nywele za pembeni zinazorefushwa ili zivutwe kupita juu ya utosi hazimfichi mtu upara, kwani upepo mmoja wa kivukoni unatosha kuzifunua. Mwambie kinyozi azipunguze zote zilingane na sehemu iliyo nyembamba zaidi. Kwa nywele zetu za kipilipili kuna tahadhari moja, nayo ni kwamba unywele ukikatwa chini kabisa ya ngozi hujikunja na kuingia tena ndani, ukaleta vipele kisogoni na shingoni ambavyo kwa baadhi ya watu hugeuka makovu magumu. Mtu mwenye tatizo hilo aache nywele fupi za milimita moja au mbili badala ya kunyoa kwa wembe, asikwangue vipele, na ikiwezekana awe na mashine yake mwenyewe ambayo kinyozi ataipangusa kwa spiriti kabla ya kuanza. Kichwa kilichonyolewa kinahitaji kofia juani na mafuta kidogo asubuhi.

Nalizungumzia suala la kanta kwa urefu kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Mtazame mteja wa saluni ya kiume jioni ya Ijumaa. Kinyozi anakoroga unga mweusi kwenye kifuniko cha plastiki, anaupaka kwa mswaki wa zamani kwenye nywele, kisha kwenye ndevu, na mteja akiomba, hata kwenye nyusi; akimaliza, mstari mweusi unabaki kwenye ngozi ya paji hata baada ya kusuguliwa kwa pamba. Siku hiyo mteja anaondoka ameridhika. Nywele, hata hivyo, huota takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo baada ya wiki mbili utepe mweupe unaonekana kwenye shina la kila unywele, na ndevuni unaonekana mapema zaidi kwa kuwa anayezungumza naye huitazama midomo yake. Isitoshe, weusi wa kanta ni wa aina moja kutoka shina hadi ncha, wakati nywele za kawaida zina vivuli tofauti, na ule weusi mkali ukikaa juu ya uso wenye mikunjo huifanya mikunjo ionekane zaidi.

Kuna pia suala la afya. Rangi nyingi nyeusi za nywele, pamoja na ile piko inayochanganywa kwenye hina, zina kemikali ya parafenilinidiamini, ambayo huwaletea baadhi ya watu mzio: kichwa kinawasha, ngozi inatoa majimaji, macho yanavimba hadi kufumba. Mzio huo unaweza kumzukia hata mtu aliyepaka kanta kwa miaka mingi bila shida. Anayetaka kupaka apime kwanza kidogo nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko na angoje saa 48. Achague rangi ya kahawia iliyokolea badala ya nyeusi tititi. Aache mvi chache pembeni mwa masikio. Na ndevu aziache kabisa. Mimi ningemshauri aziache mvi zote na badala yake azichonge ndevu kila wiki, kwa kuwa mvi zilizotunzwa humpa mtu haiba, ilhali mvi zilizotelekezwa humpa sura ya mgonjwa.

Kuhusu mkorogo sina maneno mengi. Wako wanaume wanaojipaka usiku ili uso "ung'ae", na bidhaa hizo mara nyingi huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi. Zebaki hudhuru figo, na vifundo vya vidole hubaki vyeusi huku uso ukiwa umebadilika. Usianze, na kama umeshaanza, onana na daktari wa ngozi kabla ya kuacha ghafla krimu zenye steroidi.

Meno huachwa nyuma, ingawa ndiyo mtu huonana nayo kila unapotabasamu. Ugaga ukishakuwa mgumu hautoki kwa mswaki. Unahitaji kuondolewa na daktari wa meno, na harufu ya kinywa ambayo hakuna ndugu aliyethubutu kukueleza mara nyingi hutoka hapo. Ufizi unaotoa damu usiudharau, kwa kuwa ugonjwa wa ufizi na kisukari huchocheana. Aliyekulia Arusha au Kilimanjaro akabaki na meno ya kahawia ajue kwamba huo si uchafu: ni alama ya maji yenye floridi nyingi aliyokunywa utotoni wakati meno yanaumbika, nayo haiondoki kwa mkaa wala kwa mchanga, ambavyo humaliza tu tabaka la juu la jino. Hana sababu ya kufunika mdomo anapocheka.

Na miwani ivaliwe. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa kwa kila mtu, na anayeirefusha mikono ili asome orodha ya vyakula, kisha akaagiza chochote tu, anajidhalilisha bure kwa jambo linalomalizwa kwa miwani ya kusomea.

Kitambi na mavazi

Kipimo cha kitambi ni futi kamba. Simama wima, pumua nje kawaida, usibane tumbo, kisha zungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga. Kwa wanaume, Shirika la Afya Duniani huhesabu kiuno kinachozidi sentimita 94 kuwa kimeongeza hatari ya magonjwa, na kinachozidi 102 kuwa kimeiongeza sana, kwa kuwa mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yanayoambatana na kisukari na shinikizo la damu. Shirika hilo hilo linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka, pamoja na siku mbili za mazoezi ya nguvu. Na hayo ya pili yasirukwe, kwa kuwa misuli hupungua kadiri miaka inavyosogea na kupungua kwake ndiko kunakomlegeza mtu mabega na mapaja. Kwenye chakula, anza na vitu viwili: bia na soda za kila jioni, na chipsi mayai za saa nne usiku. Ugali hauna kosa, ila mlima wake upunguzwe na mboga za majani ziongezwe.

Anayekoroma kwa nguvu, pumzi ikakatika usingizini na mchana akasinzia hata kwenye kikao, aende akapimwe. Kukatika huko kwa pumzi hupandisha shinikizo la damu, na mwenza mpya atakusikia usiku wa kwanza.

Nguo zishonwe kwa mwili ulio nao leo. Ukifika kwa fundi, mwambie akupime ukiwa umesimama kwa kawaida, kwa sababu suruali iliyopimwa huku umevuta pumzi itakaa chini ya kitambi na kukiinua. Suruali ikae kwenye kiuno halisi. Shati la kuchomekea liwe na nafasi ya kukaa bila vifungo kuvutana. Shati lisilochomekewa liishie katikati ya zipu. Kaunda suti iliyoshonwa vizuri humfaa sana mtu wa umri huu, kwa kuwa hushuka moja kwa moja kutoka mabegani bila kubana tumbo. Mavazi ya mwanao mwachie mwanao.

Nguvu za kiume

Jambo hili ndilo linalofichwa kuliko yote, na ndilo hatari zaidi kulificha. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo kuta za mishipa zikianza kuharibika kwa sukari, shinikizo, sigara au mafuta, upungufu huonekana chumbani kwanza, na kwa baadhi ya watu moyo hufuata miaka michache baadaye. Kwa sababu hiyo mwanamume wa miaka 50 ambaye mambo yamebadilika kwa wiki nyingi mfululizo anapaswa kuanza na hospitali. Pima shinikizo la damu. Likiwa 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, unahitaji matibabu. Pima sukari kabla ya kula. Ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, daktari atarudia kipimo ili kuthibitisha kisukari. Mweleze pia dawa unazotumia, kwa kuwa baadhi ya vidonge vya shinikizo huchangia tatizo na vinaweza kubadilishwa, lakini usiviache kwa uamuzi wako mwenyewe. Ukiwa unaamka mara nyingi usiku kukojoa na mkojo unatoka kwa kukatika, taja na hilo, ili tezi dume iangaliwe.

Wengi huanza mahali pengine: huanza na vumbi la Kongo linalouzwa kwa vipimo vidogo kwenye karatasi, au na vidonge vya rangi ya bluu vinavyonunuliwa bila maswali. Unga usio na lebo huwezi kujua una nini ndani wala kwa kiasi gani. Sildenafili ni dawa ya kweli inayowasaidia watu wengi, lakini ikitumiwa pamoja na dawa za naitreti, zile anazopewa mgonjwa wa moyo kwa ajili ya maumivu ya kifua, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi mtu akafa. Muuzaji wa mtaani hakuulizi kama unazitumia.

Huzuni nayo ina nafasi yake. Aliyemuuguza mke kwa muda mrefu kisha akamzika anaweza kuwa na mwili mzima usio na kasoro yoyote na bado ukamgomea anapokuwa na mtu mwingine kwa mara ya kwanza. Hilo si laana wala si marehemu anamzuia. Amwambie mwenzake kwa sauti ya kawaida, "Nahitaji muda," na muda autumie kweli.

Kabla ya kukutana kimwili, pimeni wote wawili virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina B. Anayeoa au kuolewa tena katika umri huu anakuja na historia ndefu, na kipimo cha mwanzo kinaweza kutoonyesha maambukizi ya karibuni, hivyo hurudiwa baada ya miezi mitatu. Ambaye hana homa ya ini B anaweza kuchanjwa.

Kumfuata mtu na kuzungumza naye

Nirudi kwenye ile shikamoo. Mwanamke anayekuamkia hivyo amekuweka kwenye kundi la baba zake, na ukimsihi akutoe huko, mara nyingi kitakachokutoa ni fedha. Simhukumu yeyote, na ziko ndoa zenye tofauti kubwa ya umri zinazodumu, lakini mtu anayetaka mwenza wa kuzeeka naye hufanya vizuri zaidi kuangalia kwanza walio karibu na rika lake: wajane, walioachika, na wale ambao hawakuwahi kuolewa na wana maisha yao. Hao hupatikana mahali ambapo watu huonana mara kwa mara, kwa mfano kwenye jumuiya na madrasa za watu wazima, kwenye vikoba, kwenye klabu za mbio za asubuhi, na kupitia dada au shemeji anayekujua vizuri.

Kwenye mitandao, weka picha ya mwaka huu, inayoonyesha kichwa chako kama kilivyo, na umri wako halisi. Asiyekutaka kwa hayo atakupita mapema, nawe umeokoa muda wako na wake. Fedha usimtumie mtu ambaye hamjawahi kukaa meza moja. Kula nauli, yaani kutumiwa nauli kisha usije, ni mchezo unaojulikana, na anayekuandikia siku ya tatu "tuma na ya kutolea" amekwishakueleza anachokihitaji. Omba kwanza simu ya video. Akiwa na sababu mpya kila siku ya kuikwepa, achana naye kwa amani.

Ujumbe wa kwanza kwa mtu mliyekutana uwe mfupi na unyooke. Huu unatosha: "Habari za jioni, Mama Neema. Ni Baba Elia, tulikaa pamoja kwenye kikao cha kikoba. Nina miaka 51, mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, na ninaishi na mwanangu wa mwisho. Kama huna mtu, ningefurahi tunywe chai Jumamosi mchana mahali utakapopenda." Hapo amejua umri, hali ya ndoa, mtoto na nia, na ana nafasi ya kukataa bila kuaibika. Akikataa, mshukuru na usirudie. Mkikutana, muulize habari za kazi yake na wanawe na usikilize mpaka mwisho. Habari za mtalaka wako zitajwe kwa sentensi mbili tatu bila kumtukana, kwani mwanamke aliyekomaa hupima jinsi atakavyosemwa yeye siku moja.

Ukumbuke kwamba mwili wake nao unabadilika. Hedhi hukoma kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, ikaambatana na joto la ghafla, usingizi wa mang'amung'amu na ukavu unaoweza kufanya tendo liume. Vilainishi na ushauri wa daktari husaidia, na kinachosaidia zaidi ni mwanamume ambaye ameshazungumza waziwazi kuhusu mabadiliko yake mwenyewe, kwa kuwa humrahisishia mwenzake kuzungumza ya kwake.

Watoto, mali na sheria

Watoto wakubwa waambiwe na baba, wala wasisikie kwa jirani. Waite, wakae, uwaeleze kwamba kuna mtu unayemfikiria na kwamba hakuna anayeichukua nafasi ya mama yao. Pingamizi lao mara nyingi linahusu nyumba na kiwanja alivyochuma mama yao, hata wasipolitamka. Lizungumzie kabla hawajalizungumza wao: bainisha mali iliyopatikana na marehemu, kamilisha mirathi yake kama bado, na uandike wosia wako. Tanzania Bara, RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wosia kwa wanaotaka. Mchumba naye ajue mambo hayo, pamoja na madeni yako, kabla ya posa.

Aliyeachana na mke ahakikishe ameachana kisheria. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa Tanzania Bara huvunjwa kwa hukumu ya mahakama, baada ya shauri kupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa isipokuwa katika hali chache, na kutengana kwa miaka mingi hakutoshi peke yake kumfanya mtu awe huru. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mahakama kuwadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana hivyo na jamii, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anayesema "tunakaa tu kwanza" aelewe kwamba huenda ameshaanza kujenga haki na wajibu. Mkiamua kufunga ndoa, nia hutangazwa angalau siku 21 kabla.

Mshenga umchague mtu mzima anayeheshimika, hata kama wewe mwenyewe ni mtu mzima na mchumba ana wajukuu, kwa kuwa kaka na wajomba zake watataka kuzungumza na mtu wa makamo yao. Kabla hajabeba barua, kaa naye jioni moja umweleze umri wako, idadi ya watoto wako na mama zao, dawa unazomeza kila asubuhi na mkopo unaokatwa kwenye mshahara, ili akiulizwa lolote na wazee wa upande wa pili aweze kujibu papo hapo bila kuomba ruhusa ya kwenda kuuliza.